Pointi Zako Zina Bei Gani Baharini?

Kazi yangu ni kuandaa ritani za kodi hapa Houston, Texas, na wateja wangu wengi ni watu wa kwetu: wauguzi, madereva wa malori, wenye nyumba za kulelea wazee. Ukishakaa na mtu na karatasi zake za mwaka mzima, unayajua mambo yake kuliko mawifi zake. Na siku hizi katika bahasha hizo haikosi karatasi moja yenye picha ya bwawa la kuogelea na minazi miwili. Hiyo ni ya taimshea.

Kwa asiyeijua, taimshea ni mpango wa kununua haki ya kukaa kwenye hoteli au nyumba ya mapumziko kwa muda fulani kila mwaka. Ulianzia Ulaya miaka ya 1960, ukavuka hadi Marekani. Zamani mtu alinunua wiki yake maalumu: wiki ya 26, jengo lilelile, Florida ileile, mwaka nenda mwaka rudi. Watu wakaichoka Florida. Mwaka 1974 ikaanzishwa kampuni ya RCI, Indianapolis, kazi yake kubadilishana wiki: nipe yako ya ufukweni, nikupe yangu ya mlimani. Baadaye klabu nyingi zikaacha wiki zikaingia kwenye pointi. Ile ya Disney ilianza na pointi tangu mwaka 1991. Kila mwaka unawekewa pointi zako, unazitumia utakavyo ndani ya masharti, na zisipotumika kwa wakati zinakufa.

Pointi ndizo zilizofungua mlango wa meli. Wiki ya chumba cha Orlando huwezi kumlipa nahodha, ila pointi zinaonekana kama hela, na chochote kinachoonekana kama hela kitatafutiwa duka. Ndiyo maana katika vitabu vya klabu hizi utakuta, baada ya kurasa za hoteli, ukurasa wa meli nyeupe yenye ghorofa nyingi kuliko majengo mengi ya Posta pale Dar.

Mteja wangu mmoja, nitamwita Mama Neema, aliniletea ukurasa huo mwezi Februari pamoja na fomu za mishahara. Safari ya usiku saba kutoka bandari ya Galveston, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa, kwenda Cozumel na Costa Maya, Mexico, na Roatán, Honduras. Chumba chenye roshani, watu wawili. Kwa maandishi ya kijani: tumia pointi 84,000, okoa dola 588.

"Dada," akaniambia, "kodi utafanya, lakini niambie hili kwanza. Pointi si tulishazilipia? Basi hizo 588 si za bure?"

Swali lake nalisikia kila msimu, na jibu lake linaanzia kwenye jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: klabu haina meli. Meli ni ya kampuni nyingine kabisa, na kampuni hiyo haitaki pointi, inataka dola. Kwa hiyo ukimpa klabu pointi zako, yeye huzichukua, na zile siku za chumba ambazo zingekuwa zako huzipangisha kwa mgeni mwingine anayelipa taslimu. Katika hiyo kodi ya pango anatoa sehemu, anaipeleka kwenye kampuni ya meli kama punguzo lako, na kinachobaki ni chake. Hata Disney, ambao wana meli zao tangu mwaka 1998, wanaendesha meli hizo kama biashara yenye hesabu zake. Pointi lazima zigeuzwe pesa kabla hujapanda. Ni kama kuuza mahindi shambani kwa dalali aliyekuja na gunia lake la lumbesa: kipimo chake, bei yake, na usafiri unalipia wewe.

Tuliyafungua mafaili ya Mama Neema na mumewe. Walinunua mwaka 2017 huko Orlando, walikowapeleka watoto kumwona Mickey. Walipewa tiketi za punguzo kwa sharti la kukaa kwenye kifungua kinywa cha dakika 90. Chai ikawa chakula cha mchana. Bei dola 19,500. Walitoa 2,000 mkononi, na muuzaji akawakopesha 17,500 iliyobaki kwa riba ya asilimia 14.9, miaka kumi. Kikokotoo kinasema dola 281 kila mwezi, na mpaka mkopo uishe watakuwa wamelipa kama dola 33,750. Riba peke yake inazidi 16,000. Sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kubadili mawazo na kurudishiwa fedha yote. Haki hiyo imo kwenye mkataba, lakini mkataba ni mnene kama kitabu cha simu, na siku hizo kumi familia nyingi huwa bado ziko kwenye foleni za bembea.

Sasa hapa ndipo watu wengi, hata waliosoma, wanapotea. Wako wanaochukua zile dola 33,750, wakazigawa kwa miaka, wakasema meli yangu imenigharimu maelfu. Hapana. Fedha hiyo haiingii kwenye hesabu ya meli. Usafiri usisafiri, mkopo utalipwa. Wengine, kama Mama Neema, wanasema pointi zimeshalipiwa kwa hiyo bei yake ni sifuri. Hapana pia. Bei ya pointi ni kile ambacho ungekipata kwa pointi hizohizo mahali pengine, pale pazuri kuliko pote unapoweza kufika wewe, na familia yako, mwaka huu. Ukizitumia melini, hicho umekiacha.

Nikaanza na upande wa klabu. Ada ya matunzo ya mwaka ilikuwa dola 1,092. Gawanya kwa pointi 84,000, unapata senti 1.3 kwa pointi. Punguzo la dola 588 gawanya kwa pointi zilezile: senti 0.7. Yaani klabu inakutoza senti 1.3 kila mwaka kuitunza pointi, halafu ukitaka kupanda meli inaipokea kwa senti 0.7. Mama Neema alinyamaza, akachukua kalamu yangu akairudia hesabu mwenyewe pembeni mwa karatasi. Yeye hupima dawa za wagonjwa, desimali hazimsumbui.

Lakini hiyo 0.7 yenyewe ilikuwa na walakini. Punguzo ni punguzo la nini? Kitabu cha klabu kiliandika nauli ya wawili dola 3,120. Nikafungua tovuti ya kampuni ya meli palepale mezani, tarehe ileile, meli ileile, aina ileile ya chumba. Nauli dola 2,790. Kumbe klabu ilipandisha dola 330 kwanza, ndipo ikapunguza 588. Bado kulikuwa na ada ya kushughulikia nafasi, dola 129, iliyoandikwa kwa maandishi ya mchwa chini ya ukurasa. Kodi na tozo za bandari, dola 318 kwa wawili, zilikuwa zilezile kote kwa sababu hizo hazina punguzo, ziwe za pointi au za fedha.

Jumla kwa njia ya klabu: dola 2,979 na pointi zote za mwaka. Jumla kwa kulipa moja kwa moja: dola 3,108 na pointi ziko palepale. Tofauti dola 129. Na kampuni ya meli wiki ile ilikuwa inawapa wanaonunua kwake dola 100 za kutumia ndani ya meli, ambazo anayekuja kupitia klabu hazipati. Zikitolewa hizo, faida ya pointi 84,000 ilikuwa dola 29.

Zile pointi 84,000 Mama Neema anazijua vizuri. Kila mwaka, wakati wa likizo ya shule, anachukua nyumba ya vyumba viwili vya kulala San Antonio kwa wiki nzima. Kaka yake anashuka kutoka Dallas na watoto wanne, wanalala wengine kwenye makochi, jiko lipo, pilau linapikwa humohumo na hakuna anayeingia mgahawani. Nyumba ya namna hiyo kuipanga kwa fedha taslimu kwa tarehe hizo tuliikuta ni dola 1,300 hivi pamoja na kodi. Kama angezipeleka pointi baharini, ama wiki ya San Antonio isingekuwepo, ama angeilipia 1,300 kutoka mfukoni. Hapo ndipo penye bei ya kweli ya meli yake: dola 2,979 za klabu na 1,300 za nyumba, jumla 4,279, kwa safari iliyokuwa inauzwa 3,108 kwa mpita njia yeyote asiye na pointi hata moja.

Kwa wenye pointi za Disney hesabu ni kali zaidi, maana pointi zao zina soko. Mwenye nazo anaweza kumwekea mgeni nafasi ya chumba na mgeni akamlipa zaidi ya dola 15 kwa pointi. Safari ya meli hula mamia ya pointi. Ukizidisha, mara nyingi unakuta kwamba ungepangisha pointi, ukapokea hela, ukanunua tiketi ya meli hiyohiyo na ukabaki na chenji. Tena wako wasioruhusiwa kabisa: aliyenunua pointi hizo kwa mtu binafsi, si kwa kampuni, kuanzia tarehe 21 Machi 2011, haziwezi kumpeleka kwenye meli. Huwa nawauliza wateja kwanza walinunua kwa nani na lini, kabla sijagusa kikokotoo.

Si kila mtu lakini ana San Antonio yake. Nina mteja mwingine, mzee aliyestaafu, watoto wako Nairobi, hapendi hoteli, na pointi zake zilikuwa zinakufa tarehe 31 Desemba. Alikuwa ameshaziahirisha mara moja na klabu haikumruhusu tena. Hakuna ndugu aliyezitaka. Kwa mtu wa namna hiyo, kinachoachwa ni sifuri kweli, na hata dola 29 ni dola 29. Nilimwambia apande. Ila alinganishe na bei ya leo ya kampuni ya meli, asilinganishe na bei ya kitabu cha klabu, na akumbuke kwamba nauli zinazotangazwa ni za kichwa kimoja katika chumba cha wawili. Anayesafiri peke yake mara nyingi hutozwa karibu mara mbili, kwa kuwa kitanda cha pili kinakwenda kitupu.

Kuna jambo la kughairi ambalo nalipa uzito kuliko wengi wanavyolipa. Ukinunua kwa fedha, hadi ile tarehe ya kumaliza malipo, ambayo mara nyingi ni siku 75 hadi 90 kabla ya kuondoka, unaweza kujitoa na hasara yako ni ndogo. Na nauli ikishuka kabla ya tarehe hiyo, unapiga simu unaomba bei mpya. Kampuni nyingi zinakubali. Ukipitia pointi, kushuka kwa bei hakukuhusu. Ukiugua ukaghairi, fedha yako inaweza kurudi, lakini pointi ama zimepotea ama zinarudi na vilema: zitumike ndani ya miezi michache, kwenye hoteli zile ambazo hakuna anayezitaka. Bima ya safari nayo hulipa dola. Nimesoma hati nyingi za bima kwa sababu ya kazi hii, na pointi huwa hazimo. Kwa muuguzi ambaye ratiba yake inabadilishwa na hospitali Jumapili usiku, hilo si jambo dogo.

Na kama pointi za mwaka hazitoshi, klabu itakushauri ukope za mwakani. Mama Neema alikuwa ameshawekewa alama ya vema kwenye kisanduku hicho ili apate chumba kikubwa zaidi. Nilikifuta. Ukikopa za mwakani, ada ya mwakani bado utaletewa Januari, na hutakuwa na pointi za kutumia.

Kisha yapo yale ya ndani ya meli, ambayo hayabadiliki ulipie kwa pointi au kwa dola, lakini lazima uyajue kabla hujasema unamudu. Bakshishi ya wahudumu kwenye meli yao ilikuwa dola 18.50 kwa kichwa kwa siku, inakatwa yenyewe: wawili, siku saba, dola 259. Intaneti kando. Maegesho ya gari Galveston kando. Matembezi ya bandarini kando. Halafu vinywaji. Baba Neema ni mtu wa bia mbili jioni, mkewe hagusi kilevi. Kampuni nyingi kubwa zina sharti kwamba mtu mzima mmoja chumbani akinunua kifurushi cha pombe, wazima wote wa chumba hicho wanunue. Shemeji aliposikia hivyo, akauliza kama wanaweza kulala vyumba tofauti.

Waliwaza pia kumchukua mama mkwe, aliyekuja kutoka Moshi kuwaona wajukuu. Hapo nikawaambia wasimame kabisa. Iko sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayokataza meli za kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani, na karibu meli zote hizi kubwa, ingawa ofisi ziko Miami, zimesajiliwa Bahamas, Panama na kwingineko. Ndiyo maana meli ya Galveston ni lazima iguse Mexico au nchi nyingine ya kigeni kabla ya kurudi. Na ikigusa, abiria ametoka Marekani. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu ameitumia, na kurudi Texas kwa mjukuu kunaweza kuwa kesi. Hilo huwezi kulitatua kwa pointi wala kwa dola. Unaangalia viza yenyewe, kisha masharti ya kila bandari iliyotajwa kwenye ratiba. Bibi alibaki Houston.

Wakati tumeshafungua tovuti ile ya kampuni ya meli, niliwaonyesha kitu ambacho klabu isingewaonyesha kwa sababu ilikuwa inauza vyumba vya roshani tu: chumba cha ndani kisicho na dirisha, safari hiyohiyo, chakula kilekile, bwawa lilelile, nauli dola 1,990 kwa wawili. Dola 800 pungufu ya chumba cha roshani, yaani zaidi ya punguzo lote la pointi za mwaka mzima. Baba Neema anaendesha lori usiku, anachotaka likizoni ni giza na kitanda. Walilipia hicho. Roshani, akasema, ataifuata ya watu wote juu kule.

Zile pointi zilikwenda San Antonio kama kawaida.

Swali lililobaki ndilo zito, nalo halina uhusiano na meli: je, waendelee na taimshea yenyewe? Ada ya matunzo imepanda karibu kila mwaka tangu wanunue. Kuuza si rahisi. Kwenye minada ya mtandaoni utaona haki kama hizi zikitangazwa kwa dola moja, na muuzaji yuko tayari kulipia hata gharama za uhamisho. Hasara ya kuuza mali uliyoitumia kwa starehe zako mwenyewe haikatwi kwenye kodi ya mapato. Hilo wateja wananiuliza kila mwaka na jibu halijabadilika. Na ogopeni zile kampuni zinazopiga simu kuahidi kukutoa kwenye mkataba kwa malipo ya mbele. Tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, imeshaonya juu yao tena na tena. Maelfu ya dola yanakwenda, simu haipokelewi tena, na mkataba uko palepale.

Pa kuanzia ni klabu yenyewe. Klabu kadhaa kubwa zina utaratibu wa kuipokea haki ikirudishwa, bila kukulipa kitu na bila kukutoza pesa nyingi, ila kwa sharti kwamba mkopo uwe umekwisha na ada zote ziwe zimelipwa. Mkopo wa Mama Neema unaisha mwaka 2027. Tumekubaliana kwamba mwezi ule wa malipo ya mwisho atapiga simu yeye mwenyewe, ataomba jibu kwa maandishi, na ni lazima apige kabla ankara ya Januari haijatoka, maana ikishatoka wanadai ilipwe kwanza.